Mtoto wa miaka minne na uongo wake: Somo la mwanzo la saikolojia ya mtoto

Katika malalamiko ninayoletewa na wazazi, hakuna linalojirudia kama hili: "Mwalimu, mwanangu ameanza uongo." Mzazi hulisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja maradhi ya aibu. Ukiuliza mtoto ana umri gani, unaambiwa mitatu na nusu, minne, mitano. Ukiuliza amechukuliwa hatua gani mpaka sasa, jibu ni moja: "Nimemchapa, lakini haachi."

Mimi si daktari. Ni mwalimu niliyesomea ualimu, na mbali na shule nimekaa na watoto wa chuo nyakati za jioni kwa miaka mingi. Saikolojia ya mtoto tulifundishwa kama somo la mtihani: majina ya Wazungu, hatua ya kwanza mpaka ya nne, basi. Mwanafunzi anakariri, anafaulu, kisha anaingia darasani na fimbo yake kama waliomtangulia. Leo, ndugu msomaji, napenda tulisome somo hili kwa njia nyingine. Tuchukue jambo moja tu, uongo wa mtoto mdogo, tulifuate mpaka tunakofika nalo. Humo tutakutana na sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa katika elimu hii.

Tuanze na mtu ambaye jina lake halikosekani, Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1980. Akiwa kijana, karibu na mwaka 1920, alifanya kazi Paris ya kuwapa watoto wa shule maswali ya kupima akili. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kuandika nani kapata na nani kakosa. Yeye akavutiwa na waliokosa. Aligundua kwamba watoto wa umri mmoja hawakosi ovyo ovyo. Wanakosa kwa namna inayofanana. Maana yake ni kuwa nyuma ya kosa kuna fikra, na fikra hiyo ina utaratibu wake. Tangu hapo alitumia maisha yake kuchunguza utaratibu huo, na miongoni mwa aliowachunguza kwa karibu sana walikuwa watoto wake watatu wa kuwazaa.

Jaribio lake moja unaweza kulifanya leo nyumbani kwako. Chukua glasi mbili zinazolingana, uzitie juisi ya ukwaju kiasi kimoja. Mwite mtoto wa miaka minne au mitano, akubali mwenyewe kwamba ziko sawa. Kisha, mbele ya macho yake, mimina juisi ya glasi moja katika glasi nyingine nyembamba na ndefu. Muulize sasa ipi ina juisi nyingi. Aghalabu atakuonyesha ile ndefu, na ataitaka iwe yake. Mwambie amekosea, mfokee, mchape ukipenda. Kesho atakuonyesha ile ile ndefu. Mngoje afike miaka saba hivi, kisha mrudie swali lile. Atakutazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

Watafiti waliokuja baadaye wamemkosoa Piaget kwa mengi. Wameonyesha kuwa watoto wanajua zaidi ya alivyodhani, hasa swali likiulizwa kwa namna wanayoielewa, na kwamba hatua zake hazina mipaka mikali kiasi kile alichokieleza. Lakini lile la msingi limesimama mpaka leo: akili ya mtoto inajengeka kwa mpangilio, na yako mambo ambayo katika umri fulani hawezi kuyaona hata ukimpigia kelele.

Sasa tuje kwenye uongo. Mtu anahitaji nini ili aweze kudanganya? Anahitaji kujua kwamba kilichomo kichwani mwake hakimo kichwani mwako. Kwetu sisi watu wazima jambo hili ni wazi mno kiasi kwamba hatulifikirii. Mtoto wa miaka miwili hajalifikia. Ndiyo maana mkicheza kujificha anaziba macho yake kwa viganja, akaamini kuwa amekwisha kujificha.

Mwaka 1983 watafiti wawili, Heinz Wimmer na Josef Perner, walichapisha jaribio lililofungua uwanja mzima wa utafiti. Mtoto anasimuliwa kwamba kijana mmoja ameweka chokoleti yake katika kabati la kwanza akaenda kucheza. Huku nyuma mama yake akaihamishia katika kabati la pili. Kijana anarudi, anataka chokoleti yake. Ataitafuta wapi? Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida hujibu: kabati la pili. Anajua yeye kwamba chokoleti iko huko, basi anadhani kila mtu anajua. Karibu na miaka minne au mitano jawabu hubadilika: ataitafuta kule alikoiacha.

Msomaji atasema, hao ni watoto wa Ulaya wenye makabati na chokoleti. Ni haki yake kuuliza. Mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha matokeo ya jaribio kama hilo lililofanywa kwa watoto wa Wabaka, watu wa uwindaji katika misitu ya Cameroon. Hapo hakukuwa na chokoleti. Mtu mzima aliacha kokwa za embe pori ndani ya bakuli akatoka, mtoto akaombwa azihamishie katika chombo kingine, kisha akaulizwa: akirudi ataziangalia wapi? Waliofika miaka mitano hivi wengi wao walijibu bakulini. Wadogo kuliko hao walikosa zaidi. Msituni au mjini, akili ya mwanadamu inapita njia ile ile.

Basi mwanao anapoanza kusema "si mimi" akiwa na miaka mitatu na nusu au minne, kilichotokea ni kwamba mlango mmoja wa akili yake umefunguka. Ni mlango huo huo utakaompitisha kwenye huruma, kutunza siri, kumfundisha mdogo wake, na kuelewa kuwa mama amenyamaza kwa sababu amechoka. Uongo hutangulia kupita kwa kuwa ndio mwepesi.

Na mwanzoni ni uongo wa kuchekesha. Mama mmoja alinieleza kuhusu mwanawe wa miaka mitatu na miezi, aliyemkuta jikoni na sukari imemjaa mdomoni mpaka puani. "Umekula sukari?" "Sijala." "Nani kala?" "Paka." Mama yule alikuwa amekasirishwa na ule uso mkavu. Nilimuuliza: mwongo gani huyu asiyejifuta mdomo? Kwa umri ule, "sijala" inakaribia sana kuwa na maana ya "laiti ningekuwa sijala". Ni tamanio, limetoka kwa sura ya taarifa. Hali kadhalika yule anayekuja mbio kukwambia kamwona simba nyuma ya duka la Mpemba. Huyo anacheza, mwache simba wake apite.

Hapa nieleweke vizuri. Uongo ni dhambi kubwa katika dini yetu na mtoto ni lazima afundishwe ukweli. Swali ni kwa njia gani, na kwa kasi ipi.

Fimbo inafundisha nini?

Victoria Talwar na Kang Lee, watafiti wa Canada, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi walioufanya katika shule mbili za nchi moja ya Afrika Magharibi. Watoto walikuwa wa miaka mitatu na minne, zaidi ya themanini kwa jumla. Shule moja ilikuwa ya bakora, makofi na kufinywa, hadharani, hata kwa kosa la kusahau penseli. Shule ya pili ilikuwa na adhabu za kukemea na kumtenga mtoto kwa muda. Mtoto alikaliswa akaambiwa akisie kidude cha kuchezea kwa kusikia sauti yake tu, na asigeuke kukiangalia. Sauti ya kidude cha mwisho haikulingana kabisa na kidude chenyewe. Mkubwa akatoka chumbani.

Wengi walichungulia, wa shule hii na wa shule ile. Hilo peke yake lingetosha kuwa somo, maana fimbo ya kila siku haikuwazuia kuchungulia. Tofauti ilikuja baada ya kuulizwa. Watoto wa shule ya bakora walikana kwa wingi zaidi, na walikana kwa ustadi zaidi. Walipoulizwa, "Basi unadhani ni kidude gani?" wale wa shule ya pili walijisaliti wepesi kwa kukitaja, jina ambalo wasingeweza kulijua bila kuchungulia. Wale wa bakora waliweza kujifanya hawajui, wakataja kitu kinachofanana na ile sauti. Tazama vizuri jambo hili. Katika umri ambao mwongo wa kawaida hajifuti sukari mdomoni, hawa walikwisha kujifunza kujifuta.

Nilipousoma uchunguzi huu kwa mara ya kwanza, aliyenijia akilini alikuwa Ibn Khaldun. Mwanachuoni huyu aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406 aliweka katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, mlango mzima juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi, na hasa watoto wadogo. Anaeleza kwamba anayelelewa kwa mabavu nafsi yake hubanwa, uchangamfu humtoka, huwa mvivu, na husukumwa kwenye uongo na hadaa kwa kuogopa mikono itakayomfikia. Kisha hadaa hiyo inageuka kuwa tabia yake. Akaupanua mfano huo mpaka kwa mataifa yanayotawaliwa kwa mabavu, nalo ni jambo la kufikiriwa na sisi tuliotawaliwa. Na katika mlango huo anamnukuu mwanachuoni wa Kimalik, Ibn Abi Zayd wa Qayrawan, kwamba mwalimu, hata pale inapolazimu kupiga, asizidishe mapigo matatu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi katika Ihya. Kwa maoni yake, mtoto akifanya jambo baya mara moja, inafaa mzazi ajifanye hakuliona, na asimfedheheshe, hasa hasa ikiwa mtoto mwenyewe anajitahidi kulificha. Akirudia, aonywe faraghani. Na lawama zisikithirishwe, kwa sababu mtoto atazizoea na hazitamwingia tena. Kujificha kwa mtoto, ambako sisi tunakuhesabu kosa la pili na kuongezea bakora, Ghazali alikuona ni haya, na haya ni mtaji wa mlezi.

Najua swali linalosubiri. Mbona Mtume (SAW) ametuamrisha kuwapiga watoto? Hadithi inayokusudiwa iko kwa Abu Daud na inazungumzia sala: mtoto aamrishwe afikapo miaka saba, na apigwe kwa kuiacha afikapo miaka kumi. Sasa tupige hesabu. Baina ya miaka saba na kumi mna miaka mitatu, sala tano kila siku. Hizo ni zaidi ya mara elfu tano za kuitwa, kukumbushwa na kusubiriwa, kabla fimbo haijatajwa. Na hata hapo wanavyuoni wameweka masharti: yasiwe mapigo ya kuumiza wala kuacha alama, wala usoni. Ni nani katika sisi aliyekumbusha mara elfu tano? Na yule wa miaka minne aliyevunja glasi akasema ni paka, anaingia wapi katika hadithi hii?

Wapo watakaofurahi kuona kuwa miaka saba ya hadithi imekutana na miaka saba ya Piaget, wakatangaza kwamba sayansi imeithibitisha Sunna. Mimi sipendi mtindo huo. Sunna haikumngoja Mswisi aipasishe, na kesho wanasayansi wakisogeza umri huo tutasemaje? Inatosha kwamba mwenye kuzitazama zote mbili anafika kwenye adabu moja ya kumsubiri mtoto.

Nyumbani, jambo la kwanza la kuacha ni maswali ya mtego. Umemwona kwa macho yako akimwaga maziwa, kisha unamuuliza, "Nani kamwaga?" Swali hilo halina faida yoyote ila kumfungulia mlango wa kukana. Sema ulichokiona: "Maziwa yamemwagika. Lete kitambaa tufute." Amefuta, amejifunza, na ulimi wake haukuingia kwenye majaribu.

La pili ni visa tunavyowasimulia. Mwaka 2014 Kang Lee na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka mitatu mpaka saba waliosimuliwa hadithi mbalimbali kabla ya kuulizwa kama wamechungulia. Hadithi ya mwongo anayeota pua ndefu haikuwazidishia ukweli, wala ile ya mchunga kondoo anayelia mbwamwitu. Iliyosaidia ni hadithi ya mtoto aliyekiri kosa na baba yake akafurahi. Sisi Waislamu tuna kisa kinachosimuliwa juu ya Sheikh Abdulqadir Jaylani, aliyewaambia majambazi wa njiani ukweli kuhusu dinari arubaini zilizoshonewa ndani ya nguo yake kwa kuwa alimwahidi mama yake asiseme uongo, na mkuu wao akatubia. Kisa hicho ndicho cha kumsimulia mtoto wa miaka mitano. Habari za Moto atazijua kwa wakati wake. Ukimpa za Moto tu, ameongeza anachokiogopa, na muoga hukana.

La tatu ni sisi wenyewe. Mtume (SAW) alimsikia mama akimwita mwanawe, "Njoo nikupe", akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu: tende. Akamwambia kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Leo simu inalia, baba anamnong'oneza mtoto, "Pokea, sema baba kaiacha nyumbani." Mtoto anapokea. Jioni anachapwa kwa kusema uongo.

Aliyekuja kusoma kwetu

Mary Ainsworth, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu hii, alifika Kampala mwaka 1954. Katika vijiji vya karibu na mji huo alizitembelea familia 26 za Kiganda zenye watoto wachanga, akirudi nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, akikaa na akina mama na kuangalia tu. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto anayetambaa humwacha mama, akaenda kuchunguza ulimwengu, kisha hurudi kwake kupumzika na kujihakikishia, akaondoka tena. Mama ni kituo. Mtoto ambaye kituo chake ni cha uhakika huthubutu kwenda mbali zaidi. Mambo yanayofundishwa leo katika vyuo vikuu vya dunia kuhusu mapenzi baina ya mtoto na mlezi wake yana mizizi Uganda, nasi wa Afrika Mashariki tunayasoma kama kitu cha Wazungu!

Nimelileta hili kwa sababu kusema ukweli ni aina moja ya kurudi kituoni. Mtoto ametoka, limempata jambo huko, anarudi kulisema. Kama kila akirudi na kosa anapokewa kwa fimbo, siku atakayorudi na jambo ambalo si kosa lake atapita pembeni. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009, na ripoti yake kutolewa mwaka 2011, karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walisema wamefanyiwa japo tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakumwambia mtu. Na wanaowafanyia watoto mambo haya mara nyingi ni watu wanaojulikana nyumbani: jirani, jamaa, anayempeleka mtoto shule, wakati mwingine anayemsomesha. Watu hao humtishia mtoto kwa maneno yale yale: ukisema, utapigwa. Mtoto aliyezoea kupigwa kwa kila anachosema hana sababu ya kutowaamini.

Kwa hiyo uongo unaostahili kumkosesha mzazi usingizi ni wa namna nyingine. Mtoto wa miaka minane au tisa aliyekuwa mkweli akageuka ghafla, anayeficha alipokuwa, anayekuja na pesa au simu asiyoweza kuieleza, anayekataa chuo au nyumba fulani bila kutaja sababu, aliyeanza tena kukojoa kitandani. Huyo asiulizwe mbele ya watu na asiahidiwe fimbo. Mchukue mkae peke yenu, mkiwa mnafanya kazi ndogo ya mikono, kuchambua mchele au kukunja nguo, maana mtoto huzungumza vizuri asipotazamwa usoni. Mwambie kwanza kwamba lolote atakalosema hutampiga, na ukishasema hivyo litimize hata likiwa zito kiasi gani. Ukisikia lililokuzidi, Tanzania ipo namba 116 ya huduma kwa mtoto, haina malipo, na Kenya namba ni hiyo hiyo.